Sikio Nalo Huenda Shule

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu haipiti siku bila muziki. Redio huamka kabla ya mwenye nyumba, kwaya ya mtaa hufanya mazoezi jioni, jirani hufungulia nyimbo zake mpaka madirisha yetu yakatetemeka, na harusi haitimii pasipo ngoma. Lakini mtoto wa nyumba hiyo hiyo na aseme kwamba anataka kwenda chuoni kusomea muziki. Hapo ndipo utakapowaona watu wazima wakitazamana.

"Shikamoo, baba. Majibu ya chuo yametoka. Nimepata nafasi."

"Marahaba, mwanangu. Mungu ashukuriwe. Umechaguliwa kusomea nini?"

"Muziki, baba."

"Muziki? Kuimba si unaimba tayari? Hicho kinachosomwa miaka mitatu mizima ni kipi?"

Wazazi wengi huliuliza swali hilo kwa ukali, na vijana wengi hulijibu kwa kununa. Hata hivyo swali lenyewe ni zuri, tena linastahili jibu la mtu mzima. Kwa kuwa barua za kukubaliwa vyuoni huwasili kila mwaka, na kwa kuwa baadhi yake huwasili katika nyumba za wasomaji wetu, leo tutajaribu kueleza ni kazi gani hasa inayomngoja kijana huyo, ni wapi aghalabu huanguka, na ni jambo gani asilopaswa kulipoteza akiwa njiani.

MADARASA MAWILI

Muziki wa ngazi ya chuo hufundishwa mahali kadhaa nchini. Kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Arusha. Kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo ilianza mwaka 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa na kupata hadhi ya taasisi mwaka 2007. Unguja kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofungua milango yake mwaka 2002. Mitaala yao hutofautiana, lakini mwanafunzi wa muziki, popote aendapo, hukutana na masomo mawili yasiyoepukika: nadharia na mafunzo ya usikivu.

Nadharia ni sarufi ya muziki. Hapo kijana hujifunza kusoma na kuandika nota juu ya mistari mitano. Hujifunza kwamba kutoka do hadi do ya juu yake kuna sauti saba zenye majina, na kwamba kinanda kimeugawa mwendo huo huo katika hatua ndogo 12 zilizo sawa. Hujifunza kuhesabu mapigo mawili, matatu na manne. Hujifunza pia namna sauti tatu au nne zinavyopigwa kwa pamoja zikawa kitu kimoja, kitu ambacho wapiga gitaa wetu hukiita kodi. Hii si ile kodi idaiwayo na serikali wala na mwenye nyumba, ingawa nayo humnyima mtu usingizi siku za mwanzo.

Mafunzo ya usikivu ni shule ya sikio. Yana kazi tatu. Ya kwanza ni kutambua: mwalimu hupiga sauti mbili, nawe husema umbali ulio kati yake. Ya pili ni imla, kama ile ya shule ya msingi, ila hapa mwalimu hasomi maneno. Hupiga wimbo mfupi usioujua, mara tatu au nne, nawe huuandika kwa nota bila kugusa chombo chochote. Ya tatu ni kinyume cha imla: unapewa karatasi yenye wimbo usiowahi kuusikia, unaambiwa "imba", nawe unaimba papo kwa papo.

Hapana budi kusema kweli, ndugu msomaji: somo hili la pili ndilo linalowatoa machozi wengi, na miongoni mwao wamo waliokuwa mashujaa wa kwaya zao huko walikotoka.

MAGONJWA MAWILI

Wanafunzi wanaoanza huugua magonjwa ya namna mbili.

La kwanza ni ugonjwa wa karatasi. Huyu amekariri kila kitu. Mwulize umbali wa tano ni nini, atakuambia bila kusita: ni kutoka do hadi so, yaani do, re, mi, fa, so, sauti tano ukiihesabu na ile ya kuanzia. Mtihani wa kuandika ataupasua. Lakini mpigie umbali huo huo kwenye kinanda akiwa ameelekea ukutani, hautambui. Ni sawasawa na mtu ajuaye bei ya chumvi katika kila duka la mtaa naye hajaionja kamwe.

La pili ni ugonjwa wa mazoea, na huyu ndiye tunayemjua zaidi. Amekulia kwenye kwaya au bendi. Akisikia wimbo leo, kesho anauimba wote. Akipewa sauti ya pili, anaijaza bila kuelekezwa. Lakini mwulize amefanya nini, hajui. Akitakiwa amfundishe mwenzake, anaweza tu kusema "nifuate mimi". Akitakiwa aandike ili kwaya ya Kigoma iimbe alichokitunga Tanga, hawezi. Utajiri wake wote uko kichwani, na siku atakapoondoka duniani ataondoka nao.

Maana ya kuyafundisha masomo hayo mawili kwa pamoja ni kutibu magonjwa hayo mawili kwa dawa moja. Kila jina linaloandikwa katika daftari la nadharia lazima liwe na sauti katika sikio, na kila sauti iliyomo sikioni lazima ipate jina lake. Mwanafunzi anayeyatenga, leo nadharia, kesho usikivu, kana kwamba ni Jiografia na Hesabu, hutaabika miaka yote mitatu.

NGAZI YA MTAWA

Njia ya kuunganisha jina na sauti haikubuniwa jana. Karibu miaka elfu moja iliyopita, mtawa mmoja wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo alichoshwa na kuwaona waimbaji wake wakitumia miaka mingi kukariri nyimbo za ibada moja moja. Akazipa sauti sita za ngazi majina: ut, re, mi, fa, sol, la. Kijana akishaizoea ngazi hiyo moja, aliweza kuimba wimbo asioufahamu kwa kuusoma tu. Baadaye ut ikawa do, na sauti ya saba ikaongezwa.

Katika karne ya 19 huko Uingereza, mwalimu Sarah Glover wa mji wa Norwich aliirahisisha ngazi hiyo kwa kutumia herufi tupu, na mchungaji John Curwen akaieneza tangu miaka ya 1840. Herufi hizo hazikuhitaji mistari mitano wala karatasi ya pekee; mtu aliweza kuziandika ubaoni kwa chaki. Wamisionari wakazichukua wakaja nazo Afrika, ndiyo maana hadi leo vitabu vingi vya kwaya zetu vina zile d, r, m, f, s, l, t juu ya maneno.

Yupo Mwafrika mmoja ambaye kazi yake kwa herufi hizo tunaisikia wote. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao baadaye ulikuja kuwa "Mungu Ibariki Afrika". Nyimbo zake aliziandika kwa solfa katika daftari. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Wimbo ukavuka mipaka, na tangu mwaka 1961 sauti zake zimekuwa zetu kwa maneno ya Kiswahili. Kama Sontonga angekuwa mtu wa "nifuate mimi", nani angemfuata hadi huku?

SIKIO HUFUNZWA VIPI

Wapo wanaoamini kwamba sikio la muziki ni la kuzaliwa nalo. Ama unalo ama huna. Imani hiyo imewakatisha tamaa wengi bure. Ni kweli kwamba wapo watu wachache ambao, ukigonga sufuria, hukutajia mara moja jina la sauti yake. Lakini chuo hakikudai hilo. Kinachotakiwa ni kujua umbali: ukipewa do, uijue mi iko wapi. Jambo hilo hufundishika, kama vile mshona nguo anavyojifunza kupima inchi kwa jicho.

Njia mojawapo ni kutumia nyimbo ambazo sikio linazijua tayari. Wimbo wa watoto wa chekechea wa kutaja alfabeti ya Kiingereza huanza kwa do mbili, kisha huruka hadi so mbili: huo ndio umbali wa tano. Ule unaoimbwa katika sikukuu ya kuzaliwa nao una mruko wake mara tu baada ya mwanzo, kutoka so kupanda hadi do: so, la, ti, do, huo ni umbali wa nne. Mwanafunzi akisikia sauti mbili katika mtihani, hujiuliza kimoyomoyo, "Huu ni mruko wa alfabeti au wa siku ya kuzaliwa?" Baada ya miezi michache hahitaji tena kuuliza.

Katika imla, wengi hukosea kwa pupa. Hutaka kuandika kila nota mara ya kwanza, nota ya tatu ikiwaponyoka hupoteza zote zilizobaki. Mwenye busara husikiliza kwa awamu. Mara ya kwanza huacha kalamu mezani, akahesabu mapigo kwa kidole gotini. Mara ya pili huandika mwanzo na mwisho, kwani aghalabu wimbo hurudi nyumbani kwenye do. Mara ya tatu hujaza katikati, akizingatia palipopanda, palipoteremka na palipobaki. Mara ya nne husahihisha.

Kwa wanaotaka kujaribu nyumbani, kanuni ni fupi: imba kwanza, ndipo ubonyeze. Ukiwa na kinanda kidogo au gitaa, imba ile sauti unayodhani ni mi, kisha ipige uone. Ukibonyeza kwanza, kidole kimefanya kazi ya sikio, na sikio limelala. Siku hizi zipo hata programu za simu zinazokupigia sauti na kukuuliza umbali wake, nazo si mbaya mradi mdomo nao ufanye kazi. Robo saa kila siku ina faida kuliko saa tatu za Jumamosi moja. Sikio ni kama mgonjwa anayepewa dawa: haponi kwa kumeza chupa nzima siku ya mwisho.

PISHI NA KILO

Sasa tumefika penye mfupa, na hapa naomba mzazi na kijana wasome pamoja.

Kinanda kimezigawa hatua zake 12 sawasawa ili kiweze kupiga wimbo wowote kutoka popote. Wapimaji wa sauti huipa kila hatua vipande 100, hivyo kutoka do hadi do ni vipande 1,200. Mgawanyo huo ni mapatano ya watu, na ni mapatano yenye manufaa makubwa. Lakini sauti za asili hazikuhudhuria kikao hicho. Ukichukua uzi wa zeze au gitaa, ukaugusa kidogo katikati huku ukiupiga, utatoa do ya juu. Ukiugusa penye theluthi utatoa so. Ukiugusa penye sehemu ya tano utatoa mi, lakini mi hiyo iko chini ya ile ya kinanda kwa vipande kama 14. Penye sehemu ya saba hutoka sauti iliyo chini ya jirani yake wa kwenye kinanda kwa vipande 31 hivi, takriban theluthi ya hatua nzima.

Wataalamu waliopima muziki wa Wagogo, akiwemo Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kwamba ngazi yao inafuata sauti hizo za asili. Basi mchukue kijana aliyekulia Dodoma, aliyesikia ilimba na marimba ya babu yake tangu akiwa mgongoni mwa mama. Anafika chuoni, anaimba mi aliyozaliwa nayo, mwalimu aliyeketi penye kinanda anatikisa kichwa: "Iko chini." Kijana anarudi bwenini akiamini kwamba sikio lake ni bovu. Tena, jambo baya zaidi, anaamini kwamba na la babu yake lilikuwa bovu.

Mchukue na binti wa Unguja, mjukuu wa wapenzi wa taarabu. Kikundi cha Ikhwan Safaa kilianzishwa huko mwaka 1905, na udi, kanuni na fidla zimepiga maqam za Kiarabu miaka mingi. Katika maqam iitwayo Rast, sauti ya tatu haiko penye vipande 400 vya mi kubwa wala 300 vya mi ndogo. Inakaa kati, karibu na 350. Fidla na udi huifikia bila taabu, kwa maana vidole vyake haviwekewi mipaka. Kinanda cha kawaida hakina pa kuipata. Mwaka 1932 wajuzi wa muziki kutoka nchi za Kiarabu na Ulaya walikutana Cairo, na moja ya mambo waliyobishania ni iwapo ngazi yote igawanywe katika hatua 24 zilizo sawa. Kama wajuzi wale hawakuafikiana, binti wa mwaka wa kwanza atajilaumu kwa lipi?

Je, nani amekosea: mwalimu wa kinanda au babu? Jibu langu, ndugu msomaji, ni kwamba hakuna. Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa pishi, duka la leo hupima kwa kilo. Mfanyabiashara hodari aliyezijua zote mbili hakupunjwa sokoni. Mjinga ni yule anayelishika pishi akadhani ni kilo, au anayelitupa pishi la nyumbani kwa sababu mzani unang'aa.

Lakini nisieleweke vibaya, maana najua vijana watalirukia neno hili. Mwimbaji anayeporomoka katikati ya wimbo wa kwaya hadi wenzake wakakunja nyuso, hawezi kujitetea kwamba huo ndio Ugogo. Mgogo wa kweli haporomoki. Hurudi pale pale kila mara, kwa usahihi uleule, kwa kuwa sauti yake ina makao. Tofauti kati ya mila na kosa ni hiyo: mila hurudiwa kwa makusudi, kosa halijui lilipo. Na mtu hawezi kuipambanua tofauti hiyo mpaka sikio lake limefunzwa. Ndiyo sababu nasema kijana wa Dodoma asiikimbie shule ya kinanda. Aishike barabara, kisha aitumie kulipima pishi la babu yake na kuliandika, ili lisipotee.

Jambo hilo halikosi shahidi. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa mwana wa Ugogo na mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alipiga ilimba na zeze katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko, akarekodi huko Uingereza, na hakuzinyoosha sauti za kwao ili zifanane na za kinanda. Walimwengu walimsikiliza kwa sababu hizo hizo ambazo mtihani wa darasani ungezitia alama nyekundu.

NENO KWA WAZAZI

Mzazi atauliza: na mkate je? Sitakudanganya kwamba muziki ni njia ya utajiri. Wanaohitimu huwa walimu, viongozi wa kwaya, wapangaji wa sauti za bendi, mafundi wa studio; wengine huchanganya kazi mbili au tatu ili kodi ya nyumba (sasa nasema ile nyingine) ipatikane. Lakini fani hiyo humfundisha mtu kufanya kazi kila siku bila kusimamiwa, kusikiliza kabla ya kujibu, na kukosa mbele ya watu kisha akarudia. Tabia hizo huhitajika katika kila kazi.

Kama umekubali aende, msaidie kwa mambo madogo. Mpe robo saa ya kimya; redio izimwe, na watoto wadogo watoke uani. Akirudia do, mi, so mara ishirini bafuni, usimcheke, wala usiwaache wadogo zake wamwigize. Na akija likizo, mpeleke kwa bibi au babu anayezijua nyimbo za zamani, akae naye na daftari. Mwombe aandike wimbo mmoja tu, kwa nota au kwa solfa, kisha aweke alama mahali ambapo sauti ya mzee haikukubali kukaa penye mistari. Hiyo itakuwa imla ngumu kuliko zote alizopewa darasani, na huenda siku moja ukoo mzima ukamshukuru kwa karatasi hiyo.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La mwanao li hai, limechaguliwa, na limepewa nafasi chuoni. Liache liende shule, nawe ulikumbushe mara kwa mara lilikotoka.